Elfu Moja Mezani: Safari ya Dar hadi Shinyanga kwa Karata

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara kuelekea Kanda ya Ziwa, ukazipita Chalinze, Morogoro, Gairo na Kibaigwa, unaingia Dodoma ukiwa umeshamaliza kilomita kama 450. Pita Bahi na Manyoni, na Singida itakupokea karibu na kilomita ya 700. Teremka Sekenke, zipite Igunga, Nzega na Tinde, na ukifika Shinyanga mjini umebakiza kidogo tu kutimiza kilomita elfu moja.

Upo mchezo wa karata ambao umbali wake ni huohuo. Kila upande una gari lake la kufikirika, na wa kwanza kutimiza kilomita 1,000 kamili, bila kuzidisha hata moja, ndiye aliyefika. Njiani wapinzani wanakutoboa tairi, wanakumalizia mafuta, wanakusimamisha kwenye taa, wanakuwekea kibao cha 50 pale unapotaka kukanyaga mafuta. Nimeucheza na familia, na majirani, na watu walioishi maisha yao nyuma ya usukani, na kadiri ninavyoucheza ndivyo ninavyoamini kwamba nyumba za uwanda huu wa kati, zilizozungukwa na barabara kuu kila upande, zinapaswa kuujua. Kwa hiyo wikiendi hii nitaueleza kwa utulivu, kuanzia kutengeneza kadi hadi kuhesabu pointi.

Jina lake la asili ni Mille Bornes, na aliyeutoa ni Mfaransa Edmond Dujardin, mwaka 1954. Dujardin alikuwa mchapishaji wa vifaa vya shule za udereva, na asili hiyo inaonekana kwenye kila kadi: alama za barabarani, taa, vijiwe vya kilomita. Wazo lenyewe lilikuwa na mzazi. Huko Marekani, tangu mwaka 1906, ulikuwapo mchezo ulioitwa Touring, wa enzi ambazo gari lilikuwa bado kitu cha ajabu na kuharibikiwa njiani ni jambo la kila safari. Kampuni ya Parker Brothers iliuchukua mwaka 1925, na mwaka 1962 kampuni hiyohiyo ikaanza kuuza Mille Bornes kwa Wamarekani. Dujardin aliutengeneza upya mchezo wa watu waliokuwa wakijifunza gari ni nini, akawapa watu waliokuwa wakijifunza kuendesha.

Sisi tunaukuta katika hali nyingine. Kutoka Dodoma unaweza kushika njia nne: mashariki Morogoro, magharibi Manyoni, kusini Iringa kwa kuvuka Mtera, kaskazini Babati kwa kupitia Kondoa. Hizo mbili za mwisho, ambazo ni kipande cha ile njia kuu ya kale ya kutoka Cape hadi Cairo, zilikuwa za vumbi na matope kwa miaka mingi mpaka zilipokamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018. Mtoto wa Ihumwa au Nala anakua akiyaona malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yakipita mchana na usiku. Ameshaona matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani kuwaonya wenye magari kwamba mbele kuna lori limekufa. Ameshaona utingo akiwa chini ya gari na jeki. Mtoto huyo ukimpa kadi yenye picha ya pancha, huna haja ya kumweleza chochote.

Na kuna hili la 50. Katika sheria za mchezo, ukiwekewa kadi ya kikomo cha mwendo huruhusiwi kuweka kadi ya umbali inayozidi 50 mpaka uipate kadi ya kumaliza kikomo. Dereva yeyote wa Tanzania anaufahamu mchezo huo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo maeneo ya makazi, na ukienda Singida unakutana na kibao cha 50 mwanzo wa kijiji, kisha kibao cheupe chenye mistari ya mshazari mwisho wake, kijiji baada ya kijiji. Kati ya vibao hivyo viwili kuna uwezekano wa kumkuta trafiki na tochi yake. Mfaransa wa mwaka 1954 alichora kadi, na sisi tumepewa barabara inayofanana nayo.

Sasa kadi. Kasha kamili lina kadi 106 za aina nne. Kadi za umbali ni 46: za kilomita 25 ziko kumi, za 50 kumi, za 75 kumi, za 100 kumi na mbili, na za 200 nne tu. Kadi za hatari ni 18: Ajali tatu, Mafuta Yameisha tatu, Pancha tatu, Kibao cha 50 nne, na Taa Nyekundu tano. Kila hatari ina dawa yake, na dawa ni nyingi kuliko hatari: Gereji sita za kutibu ajali, Sheli sita za kutibu mafuta, Spea sita za kutibu pancha, Mwisho wa 50 sita, na Taa ya Kijani kumi na nne. Jumla ya dawa ni 38. Zinabaki kadi nne, moja moja, ambazo ndizo roho ya mchezo. Mimi naziita kinga: Dereva Mahiri, ambaye hapati ajali, Tangi la Akiba, lisiloishiwa, Tairi Sugu, lisilotoboka, na King'ora, ambacho hakisimamishwi na taa wala hakibanwi na kibao. Katika kadi za Kifaransa hicho cha mwisho kina picha ya gari la zimamoto. Mkazi wa Dodoma, aliyezoea kusogea pembeni kupisha msafara wa viongozi, hatapata shida kuchagua picha yake.

Kama huwezi kupata kasha la dukani, litengeneze. Njia niipendayo ni kununua pakiti mbili za karata za kawaida zenye mgongo unaofanana, kila moja ikiwa na kadi mbili za joka. Pakiti moja ina karata 52, mbili zina 104, na joka nne zinafanya 108. Toa mbili uweke pembeni, umebaki na 106 barabara. Zile joka nne zifanye kinga nne. Zilizobaki ziandike usoni kwa kalamu ya wino usiofutika: namba kubwa kwa kadi za umbali, neno na picha ndogo kwa nyingine. Watoto wapewe kazi ya kuchora. Pancha itatoka imekunjamana, sheli itakuwa na paa lililoinama, na kadi hizo zitapendwa kuliko za kiwandani.

Ukitumia manila, jihadhari na mambo mawili. Usinunue rangi tofauti kwa aina tofauti za kadi, maana mgongo utamwambia mwenzako umeshika nini. Na usiandike kwa maka peni, kwa sababu wino wake unapenya hadi upande wa pili. Tumia penseli za rangi. Kata vipande vya sentimita sita kwa tisa, vyote kwa kipimo cha kipande kimoja ili visitofautiane ncha. Manila hulegea baada ya jioni chache, kwa hiyo ukiipenda kazi yako ipeleke stationari wakuwekee plastiki. Na kama mnacheza barazani miezi ya Juni hadi Septemba, wekeni kijiwe juu ya rundo. Upepo wa Dodoma hauna heshima na karata.

Mchezo unanoga zaidi kwa watu wanne, wawili kwa wawili, washirika wakikaa kwa kutazamana kama wanavyokaa wacheza karata wetu siku zote. Washirika wana gari moja: kadi za umbali zinawekwa mbele ya mmoja wao, na kila mmoja akipata zamu analiendesha gari hilohilo. Changanya kadi, mpe kila mchezaji sita, rundo lililobaki liwekwe katikati likiwa limefunikwa. Zamu ikikufikia unaokota kadi moja kutoka kwenye rundo, unakuwa na saba. Kisha unacheza moja au unaitupa moja kwenye lundo la takataka, unabaki na sita. Kilichotupwa hakiokotwi tena. Hayo ndiyo mambo yote ya zamu moja, na mtoto wa darasa la tatu anayaelewa kabla chai haijapoa.

Mbele ya kila upande kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni ya mwenendo wa gari: hapo ndipo taa ya kijani inapowekwa na hatari zinapoangukia, na kadi ya juu ndiyo inayosema kama gari linatembea au limesimama. Ya pili, pembeni yake, ni ya kibao cha 50 na mwisho wake. Ya tatu ni ya kilomita. Hakuna gari linaloondoka bila Taa ya Kijani. Unaweza kuwa na mia mia nne mkononi, lakini kama kijani hujaipata umekaa stendi ya Nanenane na tiketi yako. Ikishawekwa, unaanza kupanga kilomita, kadi moja kwa zamu moja.

Hatari anawekewa mpinzani, na sharti gari lake liwe linatembea. Huwezi kumtoboa tairi mtu aliyekwisha kusimama. Kibao cha 50 peke yake kinaweza kuwekwa wakati wowote, hata juu ya aliyekwama. Aliyepata pancha anahitaji Spea, na baada ya Spea anahitaji tena Taa ya Kijani ndipo aondoke. Vivyo hivyo kwa ajali na mafuta: dawa kwanza, kijani baadaye. Taa Nyekundu inatibiwa na kijani tu. Hapo utaelewa kwa nini kijani ni kumi na nne. Wanaoanza huzitupa wakidhani zimezidi, kisha wanakaa na Spea yao mezani zamu tano wakisubiri ruhusa ya kuondoka. Shika kijani moja mkononi kila unapoweza.

Kadi za 200 zina masharti yake. Upande mmoja hauruhusiwi kuweka zaidi ya mbili katika safari moja, na ukiweka hata moja unapoteza bonasi ya mwendo salama ambayo nitaieleza chini. Pia kilomita lazima zitimie kamili. Ukiwa 950 unahitaji 50 moja au 25 mbili. Kadi ya 75 hapo ni karatasi.

Nimesema kinga ndizo roho ya mchezo, na hapa nataka tukae kidogo.

Kinga unaweza kuiweka mezani zamu yako yoyote. Inakupa pointi 100, inaitibu hatari inayolingana nayo kama ilikuwa imeshakukamata, na inakulinda nayo mpaka mwisho wa safari. King'ora ndicho chenye nguvu kuliko zote: kinafuta haja ya Taa ya Kijani kabisa, na kinazuia hatari za aina mbili, taa nyekundu tano na vibao vinne, yaani tisa kati ya hatari 18. Nusu nzima ya mabaya yote ya barabarani inaondoka kwa kadi moja. Dereva Mahiri, Tangi na Tairi kila moja inazuia tatu tatu.

Lakini kuna njia nyingine ya kuitumia kinga. Ukiwa nayo mkononi, halafu mpinzani akakuwekea hatari inayolingana nayo, unaruhusiwa kuitoa papo hapo hata kama si zamu yako. Mezani kwetu tunaita kupangua, na anayepangua anapaza sauti kabla mtu mwingine hajaokota kadi, la sivyo nafasi imepita. Kinga inawekwa kwa ubavu ili ijulikane ilipangua. Hatari inatupwa, taa yako ya kijani inabaki ilipokuwa, unaokota kadi ya kujaza nafasi, kisha unacheza zamu yako kama kawaida na waliokuwa kati yako na aliyekushambulia wanarukwa. Pointi zake ni zile 100 za kinga na 300 za kupangua. Mia nne kwa kadi moja, sawasawa na bonasi ya kufika mwisho wa safari.

Chukulia jioni moja tulivyokuwa. Gari letu lipo kilomita 725, la wapinzani 800, kijani inawaka kwa wote. Mkononi nina 100, 75, 25, Spea, Gereji na Tairi Sugu. Mpinzani wa kulia kwangu anaweka Pancha. Napangua: Tairi Sugu inalala kwa ubavu, Pancha inatupwa, naokota moja ya kujaza na moja ya zamu, naweka 100, tupo 825. Yeye alitaka kunisimamisha, na sasa tumepata mia nne na nafasi ya kusogea juu yake. Angalia pia kilichotokea kwenye kadi zilizobaki. Ile Spea imekuwa haina kazi, kwa sababu tairi letu halitoboki tena, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kutupwa nikikosa cha kuchezea. Mchezaji mzuri anajua kila dakika ni kadi gani mkononi mwake imekufa.

Zamu iliyofuata niliweka 75, tukawa 900. Nimebaki na 25. Wengi wangeiweka haraka wafike 925, na hapo ndipo safari nyingi zinapokwama. Ukiwa 900, kadi moja ya 100 inakumaliza, na za 100 ndizo nyingi kuliko zote, kumi na mbili. Ukiwa 925 kila 100 utakayookota ni takataka, unasubiri 75. Kwa hiyo nilitupa Spea nikakaa pale pale, 25 ikiwa akiba ya siku ambayo nitaletewa 75, au nitabanwa na kibao cha 50 na kulazimika kujikongoja kwa kadi ndogo. Kuna wakati wa kutosogea, hata taa ikiwa kijani.

Swali kubwa la mchezo mzima ni hili: kinga uiweke mapema au uisubirie hatari? Ukiiweka mapema una uhakika wa 100 na usalama. Ukiisubiria unaweza kupata 400, au unaweza kubaki nayo mkononi mpaka mwisho na kuambulia sifuri. Mimi nina msimamo. Tangi, Tairi na Dereva zina hatari tatu tatu tu katika kasha zima. Ukishaona mbili zimetoka, weka kinga yako, maana iliyobaki inaweza kuwa mkononi mwa mshirika wako. King'ora ni tofauti, kwa sababu hatari tisa zinakitafuta. Mtu atakugusa tu. Lakini King'ora kikikaa mkononi unaendelea kuhitaji taa ya kijani kila mara, na gharama hiyo ni kubwa. Mimi nikiwa sijapata kijani kabisa mwanzoni, nakiweka mara moja na kuondoka. Nikiwa natembea, nakificha na kusubiri.

Safari inaisha upande mmoja ukitimiza 1,000, au rundo likiisha na kila mtu akimaliza kadi za mkononi bila yeyote kufika. Kisha mnahesabu. Kila kilomita ni pointi moja, na hata aliyeshindwa anazihesabu zake. Kila kinga 100, na ukizipata zote nne unaongezewa 300. Kila kupangua 300. Kufika ni 400. Kufika bila kutumia kadi ya 200 ni 300 zaidi, hiyo ndiyo bonasi ya mwendo salama. Ukifika baada ya rundo kuisha unapata 300 kwa uvumilivu wako. Na kama mpinzani hakuweka hata kilomita moja, unapata 500, jambo linalotokea mara chache na kusimuliwa kwa muda mrefu. Sisi jioni ile tulimaliza na 1,000 za njia, 400 za kufika, 300 za mwendo salama, 200 za kinga mbili na 300 za kupangua: 2,200. Mchezo kamili ni pointi 5,000, kwa hiyo safari tatu au nne zinatosha kwa jioni moja.

Wawili au watatu wakicheza, kila mtu ana gari lake na safari inaishia 700. Hapo jiografia yetu inasaidia ajabu, kwa sababu 700 ni Singida. Atakayefika Singida wa kwanza ana hiari ya kutangaza kwamba safari inaendelea hadi 1,000, yaani Shinyanga. Akifika anaongezewa 200 juu ya bonasi ya kufika. Asipofika anaikosa hata ile 400 aliyokuwa nayo mkononi pale Singida. Mwenye kinga nyingi mezani aendelee. Mwenye gari lisilo na ulinzi, na wapinzani wenye kadi nyingi, ashukuru Mungu alale Singida.

Najua wapo wazazi watakaosita kwa sababu ya neno karata. Katika mitaa yetu karata zimeharibiwa jina na kamari, na aliyemwona kijana akipoteza mshahara kijiweni hawezi kulaumiwa kwa kuzichukia. Mchezo huu hauhitaji shilingi, na usiingizwe shilingi. Anayejumlisha 75, 100, 25 na 200 mpaka elfu moja, huku akikumbuka pancha ngapi zimeshatoka, amefanya hesabu nyingi kuliko anazopewa kazi ya nyumbani. Na babu anayesinzia mbele ya televisheni ataamka mtu akimwekea Taa Nyekundu.

Kinachonivuta zaidi ni kile ambacho mchezo unakitukuza. Ni mashindano ya magari, lakini kasi peke yake haikupeleki popote. Anayezikimbilia 200 zake mbili anapoteza 300 za mwendo salama, na akipata pancha bila spea anaangalia kilomita za wenzake zikimpita. Afrika Mashariki ilikuwa na mashindano ya kweli yenye tabia hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na enzi ilipokuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanzania, matope na mashimo ndiyo yaliyokuwa yakipanga mshindi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza saba. Miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwenye Peugeot 404. Katikati yao, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, kwenye Peugeot 404 vilevile. Katika mbio ambazo gari moja kati ya kumi na mbili au kumi na tatu ndilo linalofika, kufika ndiko kushinda, na wanaomkumbuka Shankland wanakumbuka gari lililofika.

Baada ya mizunguko michache mtatamani kuongeza kadi za kwetu, na nawasihi muongeze. Mezani kwetu Taa Nyekundu nyingine zimeandikwa Mizani, kwa sababu dereva wa lori anayekwenda Shinyanga anasimama Vigwaza, anasimama Nala, anasimama Njuki, na hakuna kijani mpaka apimwe. Hiyo ni kubadili jina tu, haigusi hesabu. Mkitaka hatari mpya kabisa, lindeni uwiano wa Dujardin: kila hatari yenye kadi tatu ina dawa sita. Ukiongeza hatari bila dawa, safari itakwama Gairo na watoto watanuna. Ukiongeza dawa kupita kiasi, hakuna atakayeogopa kitu.

Hatari niliyoiongeza mimi ni Ng'ombe. Kati ya Manyoni na Ikungi jioni, mifugo ikirudi kutoka malishoni, kundi likivuka lami unazima injini na kusubiri, uwe na haraka au usiwe nayo. Nilinunua pakiti ya tatu, nikaandika Ng'ombe tatu na Mchungaji sita. Mwenye Ng'ombe anasimama mpaka apate Mchungaji, na mchungaji akishapitisha kundi gari linaondoka bila kuhitaji kijani, maana porini hakuna taa. Kinga ya ng'ombe sikuiweka, wala King'ora hakisaidii kitu hapo. Kasha letu sasa lina kadi 115, na linachanganywa na watu wawili kwa sababu halienei kwenye mkono mmoja.